Mwanao wa kiume ameota matiti? Soma historia hii kabla hujakimbilia kisu

SEHEMU YA 1: SWETA LA MWEZI WA KUMI



Leo naanza mfululizo wa jambo ambalo watu huniuliza kwa kunong'ona, tena wakishahakikisha hakuna anayesikia: mtoto wa kiume kuota matiti. Mimi ni nesi wa diploma, si daktari bingwa. Lakini nimeyaona haya wodini, nimesoma, na kuna kijana mmoja aliyenifanya niandike. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane.

Mimi nimekulia Zuzu. Mnaolijua jua la kwetu mwezi wa kumi, mvua hazijaanza, upepo wenyewe wa moto, mnajua hakuna mtu anayevaa sweta saa saba mchana. Yeye alikuwa analivaa. Alianza darasa la saba. Mpira aliutazama pembeni, na kuoga na wenzake alikataa. Alipokwenda tohara pamoja na vijana wa rika lake, alirudi na jina la utani la kike, na jina hilo likamfuata mpaka sekondari.

Alipofika miaka 17, mjomba wake aliuza ng'ombe, akapelekwa mahali akapasuliwa. Matiti yakaondoka na sweta likavuliwa. Nyumbani ikawa sherehe, na kwa kweli walikuwa na haki ya kufurahi.

Miaka ikapita, akaoa. Mwaka wa kwanza hakuna mtoto, wa pili hakuna, wa nne hakuna. Nani alilaumiwa? Mnajua wenyewe. Mkewe aliitwa tasa. Alizungushwa kwa waganga, akanyweshwa kila mzizi, na mama mkwe akaanza kutafuta mke wa pili. Walipofika hospitalini ninakofanya kazi, daktari hakuanza na mke. Alimpima mume. Akakuta korodani ndogo sana na ngumu, ndevu za kuhesabu, na kifuani makovu mawili ya zamani. Damu ikachukuliwa kupima homoni, na sampuli nyingine ikasafirishwa mbali kupima kromosomu.

Kumbe kijana alizaliwa na kromosomu moja ya ziada. Matiti yale yalikuwa yameshasema mapema. Nilipokuwa nambadilishia kitanda aliniambia, "Sista, walionikata waliangalia kifua tu."

Sentensi hiyo ndiyo mfululizo wangu wote. Upasuaji wake haukuwa kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini kabla ya kukata. Nilipoanza kusoma historia ya jambo hili nikakuta binadamu tumelifanya kosa hilohilo kwa zaidi ya miaka 1,000. Twendeni pamoja.

SEHEMU YA 2: KISU KILIANZA NA AIBU

Jina la kitaalamu ni jinekomastia. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya titi la kike, na linatokana na maandishi ya Galen, tabibu aliyeishi karne ya 2. Ona jina lenyewe lilivyo. Halisemi ugonjwa unatoka wapi, linasema tu mwanaume anafanana na nani. Yaani hata jina limebeba ile dharau ya kule jandoni.

Maelezo ya zamani sana ya kuyapasua yanatoka hapahapa Afrika, mji wa Aleksandria, Misri. Katika karne ya 7 alikuwepo tabibu aitwaye Paulo wa Aegina. Aliandika vitabu saba vya tiba, na cha sita kinahusu upasuaji. Humo anasema mwanaume mwenye matiti hupata lawama ya kuonekana kama mwanamke, kwa hiyo inafaa apasuliwe. Kisha anaeleza namna: chana chini ya titi mchano uliopinda kama mwezi mwandamo, achanisha ngozi, toa mafuta, shona. Kama titi ni kubwa na linaning'inia, chana miezi miwili inayokutana ncha kwa ncha, ondoa ngozi ya katikati, halafu ushone.

Baada yake, karibu mwaka 1000, akaja mpasuaji mkubwa wa Kiislamu, Al-Zahrawi wa Cordoba, Andalusia. Kitabu chake Al-Tasrif kina juzuu 30, na ile ya upasuaji ina michoro ya vyombo alivyotumia. Naye aliweka sehemu kuhusu matiti ya wanaume, kwa mchano unaofanana na ule. Kitabu hicho kilitafsiriwa Kilatini na wapasuaji wa Ulaya wakakitumia kwa karne nyingi.

Mama zangu, fikirieni kidogo. Hakukuwa na nusu kaputi. Hakukuwa na antibayotiki. Mwanaume alikuwa anashikwa na wenzake, anachanwa akiwa macho, na wakati huo titi halikuwa linamuuma wala halikuwa linamuua. Alikubali hayo yote kwa sababu ya macho ya watu. Kwa hiyo mwanao anapovaa sweta kwenye joto, usimwambie "acha utoto." Aibu hii ina nguvu kuliko maumivu, na watu walishaithibitisha kwa miili yao.

Lakini mnaona kilichokosekana? Matabibu hawa walijua kukata vizuri. Homoni hawakuzijua, kwa hiyo hatuwalaumu. Sisi wa leo tunazijua.

SEHEMU YA 3: WANAUME TISA WA BOSTON

Sasa tunavuka bahari mpaka Marekani, mji wa Boston, hospitali ya Massachusetts General. Hospitali hii iliingia kwenye historia mara mbili katika habari yetu.

Mara ya kwanza ni tarehe 16 Oktoba 1846, ilipofanyika hadharani operesheni ya mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa etha. Habari zikaenea, na upasuaji ukaanza kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukivumilia.

Mara ya pili ni mwaka 1942. Daktari kijana, Harry Klinefelter, alikuwa anajifunza kwa Fuller Albright, bingwa wa homoni. Pamoja na mwenzao Edward Reifenstein wakaandika kuhusu wanaume tisa waliokuwa na mambo yanayofanana: matiti makubwa, korodani ndogo, mbegu za kiume hakuna, na homoni fulani ya kwenye ubongo imepanda juu. Kwa mara ya kwanza mambo haya yakawekwa kapu moja. Titi likaacha kuwa titi tu, likawa alama ya jambo linaloendelea ndani ya mwili.

Chanzo chenyewe kilisubiri miaka 17. Mwaka 1959, Edinburgh, Uskoti, Patricia Jacobs na John Strong walikuta kwamba mwanaume wa aina hii ana kromosomu 47 badala ya 46. Mwanaume wa kawaida ana X moja na Y moja. Huyu ana X mbili na Y moja. Hali hii inaitwa sindromu ya Klinefelter, na inampata mtoto mmoja kati ya watoto wa kiume 600 hivi. Hesabu shule yenye wavulana 600. Kwa wastani yupo mmoja, na pengine hata yeye hajui.

Nielezee homoni kwa lugha ya jikoni. Kila mwanaume ana testosteroni nyingi na estrojeni kidogo. Hakuna mwanaume asiye na estrojeni kabisa, kama vile hakuna mboga isiyotiwa chumvi. Mizani ikikaa sawa, kifua kinabaki bapa. Testosteroni ikipungua au estrojeni ikizidi, tezi ya titi iliyolala kifuani inaamka na kuanza kukua. Kwa Klinefelter, korodani hazitoi testosteroni ya kutosha. Hapo mizani inalala upande mmoja.

Na sikilizeni vizuri hapa, kina mama wenye wakwe: mwanaume huyu ni mwanaume. Hakulogwa. Mama yake hakula kitu kibaya akiwa mjamzito. Kromosomu ile iliongezeka kwa bahati tu. Na ndoa isipojibu, apimwe mume pia, siku ileile anayopimwa mke.

SEHEMU YA 4: MULAGO, NJAA NA INI

Mtaniambia, "Nesi, hayo ni ya Wazungu." Haya, turudi Afrika Mashariki.

Miaka ya 1940, hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari walikuwa wanahangaika na kwashakoo. Ni ule utapiamlo wa mtoto kuvimba miguu na nywele kubadilika rangi, ambao Cicely Williams alikuwa ameuandika kutoka nchi tunayoiita leo Ghana. Daktari Hugh Trowell alikuwa Mulago, na alikuwepo pia J.N.P. Davies, daktari wa patholojia, yaani yule anayechunguza vinyama na maiti kutafuta chanzo cha ugonjwa. Pamoja na maini yaliyoharibika waliona pia wanaume wenye matiti. Mwaka 1949 Davies aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kuhusu kuvurugika kwa homoni za kijinsia kwa Waafrika. Hoja yake: lishe duni inaharibu ini, na ini likiharibika linashindwa kuvunja estrojeni, hivyo inabaki nyingi mwilini.

Kuhusu ini alikuwa ameona jambo la kweli, na mpaka leo wodini tunaliona kwa wagonjwa wa ini. Lakini kusema "Waafrika" kana kwamba ni tabia ya damu yetu, hapo ndipo pa kuuliza. Kwa sababu miaka hiyohiyo, baada ya Vita ya Pili ya Dunia, madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wanajeshi wao waliotoka kwenye kambi za wafungwa za Wajapani. Walikuwa wamekondeana kwa njaa, na baadhi yao wakaota matiti, wengine pale walipoanza kula tena vizuri. Wamarekani hao! Basi haikuwa rangi ya mtu. Ilikuwa njaa.

Sisi wa Ugogo hatuhitaji kufundishwa njaa. Wazee wetu waliipa jina ile iliyotupiga mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia: Mtunya. Hakuna aliyepima homoni Zuzu wakati ule. Lakini sasa ukimwona mzee ana matiti, macho ya njano na tumbo limejaa maji, usimcheke. Ini lake linaomba msaada.

Vyanzo vingine vilivyo karibu nasi leo ni dawa na pombe. Pombe nyingi, iwe gongo au ya chupa, inaharibu ini na korodani vyote viwili. Dawa kama spironolaktoni, inayotolewa kwa wagonjwa wa moyo na ini, na simetidini ya vidonda vya tumbo, zinaweza kuleta matiti. Sindano za kutunisha misuli pia. Na efavirenzi, dawa ya kufubaza VVU iliyotumika sana Tanzania kabla nchi haijaanza kuhamia dolutegraviri mwaka 2019, iliwaletea baadhi ya wanaume matiti.

Hapa natoa onyo kwa herufi kubwa: USIACHE DAWA MWENYEWE. Rudi kliniki, onyesha kifua, sema. Dawa inaweza kubadilishwa. Mtu aliyeacha ARV kwa sababu ya aibu ya kifua tunakuja kumpokea akiwa kwenye machela.

SEHEMU YA 5: KISU CHA LEO

Sasa tuje kwenye upasuaji wenyewe, maana kuna wanaouhitaji kweli. Titi likishakaa muda mrefu, zaidi ya mwaka mmoja au miwili, tezi inageuka kuwa nyama ngumu. Hapo hata ukitibu chanzo, haliondoki. Kijana wetu hata angepewa testosteroni akiwa na miaka 17, huenda bado angehitaji kisu. Ila angekuwa amejua.

Mwaka 1946 mpasuaji wa New York, Jerome Webster, alieleza mchano mdogo wa nusu duara unaopita kwenye ukingo wa ile ngozi nyeusi inayozunguka chuchu. Kovu linajificha pale rangi mbili za ngozi zinapokutana. Ukilinganisha na mwezi mwandamo wa Paulo chini ya titi, utaona kilichobadilika: sasa mpasuaji anafikiria pia siku ambayo mgonjwa atavua shati mbele ya watu. Miaka ya 1980 ikaongezeka njia ya kunyonya mafuta kwa mrija mwembamba.

Upasuaji wa kurekebisha mwili haukutufikia jana. Mwaka 1957 wapasuaji watatu wa fani hiyo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege Afrika Mashariki, baada ya kuliwaza wazo hilo kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ndiyo ile tunayoijua leo kama Amref. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kurekebisha mwili ni anasa ya mastaa.

Inavyokwenda ni hivi. Mgonjwa analazwa usingizi. Mpasuaji anachana pale ukingoni, anatoa tezi, lakini anaacha kipande kidogo chini ya chuchu ili chuchu isibonyee ndani. Mafuta yananyonywa kama yapo. Mara nyingi unawekwa mrija wa kutolea damu kwa siku chache. Nyama iliyotolewa inapelekwa maabara. Ulizia majibu yake, usiyaache. Baadaye mgonjwa anavaa fulana ya kubana kwa wiki kadhaa, na habebi ndoo wala gunia mpaka aruhusiwe.

Hatari zipo: damu kujikusanya, kidonda kupata usaha, chuchu kufa ganzi, pande mbili kutolingana. Na kwa ngozi zetu kuna keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda. Kifua ni mojawapo ya sehemu inapopenda kutokea. Kama kwenu kuna mtu aliyepata keloidi hata ya kutoboa sikio, mwambie mpasuaji kabla, si baada.

SEHEMU YA 6: WEWE MAMA, UFANYE NINI

Kwanza, kichanga. Mtoto mchanga, wa kike au wa kiume, anaweza kuzaliwa na matiti yaliyovimba na hata yakatoa maziwa kidogo. Ni homoni zako wewe mama zilizompitia kwenye kondo. Yanaisha yenyewe baada ya wiki chache. USIYAKAMUE. Najua bibi atasema "yakamue yasije yakamkaa." Mheshimu bibi, lakini mkono wake uuzuie kwa upole. Kukamua kunaleta jipu, na jipu la kichanga si mchezo.

Pili, balehe. Karibu nusu ya wavulana, au zaidi, huota kijitezi chini ya chuchu, hasa wakiwa na miaka 13 au 14. Kinauma kikiguswa. Kwa wengi kinaondoka ndani ya miaka miwili. Mwambie hivyo kwa maneno, asikae usiku akijiuliza anageuka nini. Usimkande kwa kitu cha moto. Nimeshaona kifua cha mtoto kilichoungua hivyo. Na mtu yeyote asimtanie, hata baba yake, hata kwa utani wa watani.

Tatu, usisubiri ukiona haya: titi limeota kabla ya balehe, limepita miaka miwili halipungui, linakua haraka, kuna uvimbe mgumu upande mmoja, chuchu inatoa damu, ngozi imevutwa ndani au kuna kidonda kisichopona, maana wanaume nao wanapata saratani ya matiti, na mwenye Klinefelter ana hatari kubwa zaidi ya wanaume wengine ingawa bado ni wachache, korodani ndogo au yenye uvimbe, macho ya njano. Anza zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa.

Nne, kabla ya kusaini fomu ya upasuaji, uliza: Chanzo ni nini? Korodani zimekaguliwa? Homoni, ini na dawa anazotumia vimeangaliwa? Je, atahitaji tiba nyingine baada ya kisu? Kuuliza si utovu wa adabu. Daktari mzuri atakaa akujibu. Ukiambiwa "tukate tu," sema asante, nenda ukaulize kwingine.

Mmeniuliza kijana wetu yukoje. Anachoma sindano za testosteroni kila baada ya wiki kadhaa. Nguvu zimerudi, na ndevu anazinyoa sasa, tena kwa maringo. Sindano hizo hazileti mbegu za kiume, na hilo ameelezwa wazi, yeye na mkewe, wamekaa kiti kimoja. Hawajaachana.

Mama yake alikuja siku ya majibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama chini muda mrefu. Kisha akamgeukia mkewe mwanawe, yule aliyemwita tasa miaka minne, akamshika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwogesha huyu tangu mdogo. Niliona, sikuuliza."

Mama zangu, tuulizeni mapema. Maswali yenu nitayajibu kesho jioni nikitoka zamu. Mpelekee na mwenzako mwenye mtoto wa kiume.